Spika za saraundi za kompyuta kwa bajeti ya 15k, Nakuru. Hii imeandikwa 5.1 ni ya ukweli ama ni maneno ya kasha?

baba_Taji_58 (Nakuru)

Wadau habari zenu. Naomba mtu anayejua hizi vitu za sauti anisaidie kabla sijatoa pesa. Niko Section 58, nyumba ya bedroom moja na sitting ndogo, ukiipima ni kama mita tatu kwa nne hivi. Niko na desktop ya Dell, zile za ofisi za ex-UK, na skrini ya inchi 24, hiyo ndiyo TV yetu, jioni tunaangalia muvi na familia na watoto wakilala mimi nacheza gemu kidogo. Saa hii sauti inatoka kwa spika mbili ndogo za USB na kusema ukweli hazitoshi. Watu wakiongea kwa muvi huskii kitu, unaongeza volyumu, halafu gari linalipuka na mtoto anaamka analia. Kila siku ni hivyo.

Nataka saraundi, ile unaskia mtu akitembea nyuma yako. Bajeti ni elfu kumi na tano, nikijikaza naeza fika kumi na nane. Nilipita duka moja karibu na Kenyatta Avenue nikaonyeshwa wufa, kasha limeandikwa 5.1 na 12000W PMPO, iko na spika tano ndogo na wufa yenyewe, taa za rangi rangi, bluetooth, redio, rimoti, yote. Muuzaji akaniambia nachomeka tu waya moja kwa kompyuta na saraundi inaanza. Hapo ndipo nimekwama, waya moja na spika tano, inawezekanaje? Ama mimi ndio sielewi vile inafanya kazi. Mwenye anajua aniambie.


fundi_Odhis_Kondele (Kisumu)

Baba Taji, swali zuri sana hilo, na wateja wengi hawaliulizi mpaka wufa ishafika kwangu kwa meza. Mimi natengeneza hizi wufa hapa Kondele kwa hivyo nimezifungua za kila aina.

Sahau mbele, mbele ni taa. Igeuze uangalie mgongo. Spika za kompyuta za 5.1 ya ukweli ziko na tundu tatu ndogo za kuingiza sauti, saizi ya tundu ya iyafoni, moja kijani, moja nyeusi, moja orenji. Kila moja inabeba chaneli mbili. Kijani ni mbele kushoto na mbele kulia, nyeusi ni zile mbili za nyuma, orenji ni ya katikati pamoja na sabufa. Jumla sita, na sita ndiyo hiyo 5.1, tano zinabeba sauti kamili na hiyo nukta moja ni ya besi peke yake, kitu kama 120 Hz kushuka chini. Zingine badala ya hizo tatu zina tundu sita za RCA, zile za pini moja moja kama za DVD, hiyo pia ni sawa.

Sasa hiyo ulionyeshwa, kama muuzaji anasema ni waya moja basi mgongoni utapata nyekundu na nyeupe, kwisha. Hapo zimeingia chaneli mbili tu na huwezi ukatoa sita mahali pameingia mbili. Kile ampu inafanya ndani ni kuchukua ya kushoto na kuipeleka kwa spika zote mbili za kushoto, ya kulia hivyo hivyo, halafu inachanganya zote kidogo inapelekea ya katikati. Ni chai ya vikombe viwili imegawanywa kwa vikombe vitano. Mtu akitembea nyuma yako kwa muvi hutamskia nyuma, utamskia kila upande kwa wakati mmoja.

Kama unataka kuhakikisha pale dukani omba wakuwekee muziki halafu uchomoe pini nyeupe peke yake. Spika ya mbele kushoto na ya nyuma kushoto zikinyamaza pamoja, basi umejua hiyo ni stirio iliyonakiliwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa ufanye hivyo.

Halafu hiyo 12000W. Omera, piga hesabu na mimi. Stima yetu ni volti 240. Wati 12000 ukigawa na 240 unapata ampea 50. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Hiyo wufa ingekuwa inavuta hizo wati ingechoma soketi na ukuta kabla wimbo uanze. PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika, kiwanda kinaandika namba kinayotaka. Kile unatafuta ni RMS, yaani nguvu ampu inaeza toa mfululizo bila kukoma, na kama haijaandikwa angalia kile kibandiko kidogo kwa mgongo karibu na waya ya stima, kimeandikwa kitu kama AC 220-240V 50Hz 60W. Hiyo 60 ndiyo inaingia kutoka kwa ukuta. Sauti inayotoka haiwezi kuzidi hapo. Marekani waliweka sheria tangu 1974 kuhusu vile nguvu ya ampu za nyumbani inafaa kutangazwa, sisi huku tunaachiwa kasha lituambie.

Sijasema hiyo wufa ni mbaya. Kwa muziki wa sherehe inafanya kazi. Lakini wewe umesema unataka mtu akitembea nyuma yako, na hiyo haitakupa.


Wekesa_pikseli (Kakamega)

Fundi amemaliza upande wa spika, wacha niongeze upande wa kompyuta juu hapo pia watu hukwama. Unaeza nunua 5.1 ya ukweli ufike nyumbani upate kompyuta yako haina pa kuichomeka. Baba Taji hebu angalia nyuma ya hiyo Dell uone kuna tundu ngapi za sauti. Desktop ambayo mtu amejijengea mara nyingi iko na tundu tano au sita za rangi hapo nyuma, hiyo unachomeka rangi kwa rangi umemaliza. Zenye ziko na tatu pekee pia kuna zenye zinakubali, unaingia kwa programu ya Realtek unaiambia ni 5.1 na zile tundu zinabadilisha kazi, ya bluu ya kuingiza sauti inakuwa ya spika za nyuma na ya pinki ya maikrofoni inakuwa ya katikati na sabufa. Lakini hizi mashine za ofisi nyingi nyuma ziko na mbili tu.

Ikiwa ni mbili usikate tamaa, kuna kadi ya sauti ya nje inachomekwa kwa USB. HAPA CHUNGA SANA. Kuna kile kidude kidogo kama flashi kimeandikwa 7.1 CHANNEL na kiko na tundu mbili pekee, moja ya hedifoni moja ya maikrofoni. Hiyo 7.1 ni ya kuigiza, ni ya hedifoni, haitoi sauti ya spika za nyuma hata ukiomba. Ile unataka ni kisanduku kikubwa kidogo, karibu saizi ya kiganja, chenye kiko na tundu kadhaa za kutoa sauti. Nyingi za bei ya chini zinatumia chipu ya C-Media CM6206, na hiyo chipu inatoa mpaka chaneli nane kwa hivyo sita sio shida. Creative pia wako na Sound Blaster ya USB ya 5.1, hiyo bei iko juu kidogo. Kanuni ni ile ile ya fundi, hesabu tundu, usisome kasha.

Ukishachomeka unaenda kwa setingi za sauti za Windows, unachagua kadi, unabonyeza Configure, unachagua 5.1 Surround, halafu kuna kitufe cha Test. Kikibonyezwa inalia spika moja baada ya nyingine na unaona kwa picha ni gani inafaa kulia. Hapo ndipo unajua kama umechanganya waya. Na kama ya katikati inatoa besi na sabufa inatoa maneno ya watu usishtuke, kuna seti zingine ziko na hizo mbili zimepishana, kwa Realtek kuna mahali pa kutiki zibadilishane.

Kitu cha mwisho, sauti yenyewe lazima iwe na chaneli sita. Ukifungua muvi na VLC bonyeza Tools halafu Codec Information, uangalie sehemu ya audio. Ikiandika 3F2R/LFE hiyo ni 5.1 kamili, yaani tatu mbele mbili nyuma na ya besi. Ikiandika Stereo basi spika za nyuma zitakaa kimya na sio makosa ya spika. Muvi nyingi za kupakua zile ndogo ndogo za MB 700 ni stirio. YouTube kwa brauza ya kompyuta pia tegemea stirio. Gemu ndio tamu juu gemu inatengeneza sauti yenyewe papo hapo, ukiweka Windows kwa 5.1 gemu nyingi zinajua zenyewe zinatoa sita. Hapo mtu akikunyemelea kutoka nyuma kushoto unageuka kushoto bila kufikiria, hiyo raha sijui niielezeje.


MamaBiko_Nyalenda (Kisumu)

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi naendesha ukumbi wa kuonyesha mpira na muvi hapa Nyalenda na sauti ndiyo inarudisha wateja, kwa hivyo naomba kusema jambo moja ambalo halijaguswa.

Baba Taji, ile shida uliyoanza nayo, maneno hayaskiki halafu mlipuko unaamsha mtoto, huenda haitaki spika mpya. Kwa muvi za chaneli sita maneno ya waigizaji yanawekwa karibu yote kwa spika ya katikati. Imekuwa hivyo tangu hii mambo ya Dolby Digital ianze kwa kumbi za sinema mwaka wa 1992. Sasa kompyuta yako kama imeambiwa iko na spika sita na kumbe ziko mbili, yale maneno yanatumwa kwa spika ambayo haiko, unabaki na mwangwi na muziki. Ingia pale Wekesa amesema, kwa Configure, uangalie imewekwa nini. Ikiwa ni 5.1 irudishe Stereo, ndipo kompyuta ichanganye yote iingize kwa mbili zako. Halafu kwenye sifa za spika zako pale Windows kuna sehemu ya Enhancements, ikiwa draiva yako inayo utaona Loudness Equalization, itiki. Inainua sauti ndogo na kushusha kubwa. Jaribu hivyo leo jioni, ni bure.

Baada ya hapo ukiwa bado unataka kununua, mimi kwa chumba cha mita tatu kwa nne na pesa hiyo ningechukua mbili nzuri na sabufa, ile 2.1, kuliko sita hafifu. Elfu kumi na tano ukiigawa kwa spika sita kila moja imepata kidogo sana. Ukiigawa kwa tatu, zile mbili zinakuwa na mbao na koni ya kueleweka, na ukiziweka vizuri, masikio yako na hizo spika zikifanya pembetatu iliyo sawa pande zote, unaskia mahali kila mtu amesimama kwa ile picha. Watu wengi wanatafuta saraundi na hawajawahi kukaa mahali sahihi hata kwa stirio, spika moja iko juu ya kabati nyingine nyuma ya kochi.

Na majirani mnawakumbuka? Besi haijui ukuta.


Wekesa_pikseli (Kakamega)

Mama Biko nakuheshimu lakini kwa gemu siwezi kubali 2.1. Kwa muziki na mpira sawa kabisa, hapo umesema ukweli mtupu. Lakini yule ametaja nyuma yake, na nyuma haitoki mbele. Kama pesa ndiyo shida aanze na hedifoni nzuri tu ya stirio halafu awashe Windows Sonic, hiyo iko ndani ya Windows 10 tangu 2017 na hailipishwi. Inachukua zile chaneli sita za gemu inazipika kwa masikio mawili na unaskia nyuma vizuri kabisa, na saa saba usiku hakuna jirani atapiga ukuta.


MamaBiko_Nyalenda (Kisumu)

Hedifoni ni ya mtu mmoja mwanangu. Amesema anaangalia na familia.


Kip_mtumba_Njoro (Njoro)

Niko karibu na wewe baba Taji, hapa Njoro. Kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko zote na ni risiva ya mtumba. Zile ampu kubwa nzito za Yamaha, Onkyo, Denon, Sony, wazungu wanazitupa wakinunua saundiba, zinafika huku na kontena. Ukipata yenye HDMI inayopokea sauti umemaliza mambo ya tundu za rangi kabisa juu HDMI moja inabeba mpaka chaneli nane bila shida. Hiyo Dell yako kama iko na DisplayPort unaweka adapta ya kwenda HDMI na sauti inapita pamoja na picha. Hakikisha tu hiyo HDMI inachukua sauti, kuna risiva za kwanza kwanza zilikuwa zinapitisha picha na sauti kwenda kwa TV bila kuisikiza. Ama utafute yenye imeandikwa MULTI CH IN mgongoni na tundu sita.

Vitu viwili viangaliwe kwa makini sana. Volti, jamani volti. Risiva zilizotoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni 120, ukichomeka kwa 240 yetu ni moshi hapo hapo, ama fuse tu ukiwa na bahati. Soma kibandiko kabla ya kitu kingine chochote. Za UK ni sawa na zetu. Kisha ohmu, yaani ukinzani wa spika. Wengi wanachukua risiva halafu wanaunga zile spika ndogo za home theater ya DVD iliyokufa, na hizo spika nyingi ni ohmu 3 au 4, risiva inataka 6 au 8. Zitalia ndio, lakini ukiongeza volyumu ampu inachemka na inajizima. Geuza spika, imeandikwa.

Na hiyo home theater ya DVD yenyewe, kuna mtu atakuja hapa akushauri uitumie na kompyuta. Ile AUX yake ni stirio. Kama iko na tundu ya optiko hapo kuna njia, lakini optiko haibebi chaneli sita hivi hivi, inabeba zikiwa zimefinywa kwa Dolby Digital au DTS. Muvi inaeza pita hivyo moja kwa moja kutoka VLC. Gemu itabaki stirio mpaka upate kadi yenye Dolby Digital Live, yaani inayofinya sauti ya gemu papo hapo.

Risiva na spika tano hutapata zote kwa 15k siku moja. Unanunua risiva na spika mbili saa hii, baadaye ya katikati, baadaye za nyuma. Unajenga pole pole, kila kitu kikiharibika kinatengenezwa peke yake.


baba_Taji_58 (Nakuru)

Aki asanteni sana, sikutegemea kupata haya yote. Mama Biko nimefanya vile ulisema, kumbe ilikuwa imewekwa 5.1 na sijui nani aliiweka hivyo, pengine mwenye aliniuzia. Nimerudisha Stereo na maneno yamekuja mbele kabisa, mke wangu ameuliza kama nimenunua spika zingine.

Lakini bado nataka zile za nyuma, hiyo siachi. Nyuma ya Dell kuna tundu mbili, kijani na bluu, kwa hivyo ni kadi ya USB. Risiva nimeielewa Kip lakini mezani kwangu haitoshei na pole pole yangu inaeza chukua miaka. Kuna jamaa hapa Free Area anauza Logitech Z506 ya mkono wa pili, bei iko ndani ya bajeti na inabaki ya kadi. Hiyo ni ya ukweli? Na nikienda kuiona niangalie nini, juu mimi sio fundi. Swali lingine, waya za kwenda nyuma nitazipitisha wapi na mtoto anaanza kutembea na landilodi hataki kuskia habari ya drili.


fundi_Odhis_Kondele (Kisumu)

Z506 ni ya ukweli. Mgongoni iko na zile tundu tatu na RCA nyekundu na nyeupe pia. RMS yake ni wati 75 zote pamoja, na kwa chumba chako hizo ni nyingi, hutazimaliza. Linganisha hiyo 75 na ile 12000 uone vile hiyo namba nyingine haina maana.

Ukifika usimtumie pesa kabla hujaiskia, na uende na simu na waya ya iyafoni ya kuchomeka pande zote mbili. Iwashe kwanza bila kitu chochote, volyumu chini kabisa, uweke sikio karibu na wufa. Mngurumo mdogo sana ni kawaida. Ukiwa mkubwa unauskia ukiwa umesimama mlangoni, kapasita za pawa zimechoka, hiyo inatengenezeka lakini bei ishuke. Zungusha volyumu pole pole kutoka chini mpaka katikati, ikikwaruza au upande mmoja ukipotea na kurudi ni ile volyumu imeingia vumbi, kuisafisha sio kazi kubwa. Koni ya wufa ifikie iguse na vidole viwili ukiisukuma kidogo sana, inafaa kurudi laini bila kukwaruza. Ikikwaruza koili imeungua na hapo rudi nyumbani.

Kisha kila chaneli. Chomeka waya kwa tundu ya kijani peke yake, weka wimbo kwa simu, spika za mbele zinalia. Hamisha kwa nyeusi, za nyuma zinalia. Kama muuzaji anasema hana muda, kuna njia ya haraka ya mafundi. Volyumu iwe chini, chomeka waya upande mmoja na upande ule mwingine uguse ncha ya jeki na kidole. Itanguruma. Ncha ya mwisho kabisa ni kushoto, ile pete inayofuata ni kulia. Spika gani imenguruma ndiyo iko hai. Fanya kwa tundu zote tatu, dakika moja umemaliza.

Ukifika nayo nyumbani kompyuta na spika ziwe kwa ekstensheni moja, soketi moja. Ukiweka kompyuta ukuta huu na spika ukuta ule mara nyingi unapata mngurumo unaopitia kwa waya ya sauti. Na weka TV guard hapo, stima ikipotea na kurudi ile nguvu ya kurudi ndiyo inaletea mimi kazi.


MamaBiko_Nyalenda (Kisumu)

Nimefurahi maneno yameskika. Kuhusu waya, nenda duka la vifaa vya stima uombe tranki ndogo ya plastiki, ile nyeupe iko na gundi mgongoni. Unaibandika juu ya skating pale ukuta unakutana na sakafu, unazungusha chumba, na kwa mlango unapanda juu ya fremu na kushuka upande wa pili. Hakuna drili na ukihama unaibandua pole pole. Usipitishe chini ya kapeti mahali watu wanakanyaga, waya inakatika ndani na utatafuta shida mwezi mzima. Ikiwa waya zake hazifiki unganisha na waya ya spika ya kawaida ya nyuzi mbili, na uangalie alama, chanya kwa chanya. Ukipindua spika moja tu sauti inakuwa na tundu katikati na besi inapotea.

Za nyuma usiziweke nyuma kabisa ya kichwa. Zinafaa kuwa kando yako na kurudi nyuma kidogo, ukisimama ukiangalia skrini ni kama nyuzi 110 kila upande, na juu kidogo ya masikio. Za mbele nyuzi 30 kila upande. Katikati chini ya skrini, iinue kidogo itazame uso wako. Kwa chumba cha mita tatu kochi likiwa limeegemea ukuta wa nyuma bandika hizo mbili kwa kuta za kando na umemaliza.

Sabufa weka popote mbele, masikio hayajui besi ya chini inatoka wapi, lakini usiiweke kwa kona. Kona inaifanya ingurume na jirani ndiye anapata zaidi yako. Weka kipande cha godoro chini yake, sakafu isitetemeke.


Wekesa_pikseli (Kakamega)

Na kadi ya USB usisahau kuichagua kama default kwa Windows, yaani ile inatumika kwanza, la sivyo sauti itaendelea kutoka kwa ile tundu ya kijani ya Dell na utafikiri kadi imekufa. Ichomeke nyuma ya kompyuta sio kwa habu ya USB.


baba_Taji_58 (Nakuru)

Sawa wakuu. Jumamosi naenda Free Area. Fundi nikiwa na muda wa kupima tundu moja tu vizuri nipime gani?


fundi_Odhis_Kondele (Kisumu)

Orenji. Watu hupima kijani wakaridhika juu muziki umelia, na kwa orenji ndipo spika ya katikati na sabufa zote mbili zinapita. Ukichomeka simu hapo utaskia upande mmoja wa wimbo kwa ile ya katikati na mwingine unatoka besi tupu kwa wufa. Ukipata hivyo lipa.